Kicheko cha Nyuma ya Ukuta

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Kama uko jikoni, punguza moto. Kama uko njiani na redio yako mfukoni, tafuta kivuli usimame kidogo. Vumbi la jangwani limeufunika mji wetu wa Koudougou tangu asubuhi. Jua limepauka, miti inaonekana nusunusu, na sauti za watu zinafika kabla ya watu wenyewe. Ni siku nzuri ya kuwakumbuka waliotangulia.

Leo tunamkumbuka Timpoko Ilboudo. Timpoko Ilboudo, mpika dolo. Mke wa Nobila Tapsoba, mama yake Pascal. Wengi wenu mnamjua kwa dolo yake, ile pombe ya mtama mwekundu ambayo haikuwahi kuchacha mikononi mwake. Wengi zaidi mnamjua kwa kitu kingine, na hamjui kwamba mnamjua.

Niseme jambo moja mapema. Mimi mtangazaji wenu ni Msamo, na Timpoko alikuwa Mmosi, makabila mawili ya utani. Kwa hiyo ni mtani wangu, na mtani msibani ana ruhusa yake. Nikimsema marehemu, usinipigie simu. Ukitaka kulalamika, njoo studio na kuku.

Basi, Timpoko alikuwa hacheki.

Nisikilizeni vizuri. Sisemi alikuwa mkali tu. Nasema hacheki. Kilabu chake kilikuwa pale nyuma ya reli, chini ya mwarobaini. Ukiingia alikutazama. Ukiketi alikujazia kibuyu. Ukianza maneno mengi alikuambia: "Kunywa. Lipa. Nenda." Walevi wa mji mzima walilewea kwingine, kwake walikuja kunywa kwa adabu kama watu walio kanisani. Mzee Toé, Msamo mwenzangu, alikaa kwenye kigogo kilekile miaka nenda rudi akijaribu kumchekesha. Siku moja alikuja amejifunga kilemba cha mkewe. Siku nyingine alimleta mbwa aliyevishwa kofia, akasema ni shemeji yake kutoka Tougan. Kilabu kizima kikaanguka chini kwa kucheka. Timpoko akamtazama mbwa, akamtazama Toé, akasema: "Shemeji yako anywe nini?" Uso mkavu.

Timpoko alifariki mwaka huu mwanzoni mwa mvua, baada ya homa fupi. Akazikwa. Na kama ilivyo kwa Wamosi, matanga makubwa yakasubiri mavuno.

Hapo ndipo anapoingia Eulalie. Eulalie ni mkamwana wa marehemu, mke wa Pascal. Wazee wa ukoo walikaa, wakamwita, wakamwambia: "Wewe ndiye kurita."

Mnajua maana yake. Kurita huvaa nguo za marehemu. Hutembea mwendo wake, husema maneno yake. Siku ya matanga yeye ndiye marehemu. Watu humsalimu kwa jina la marehemu, humtania, humwomba radhi, kisha humuaga. Akimwiga vizuri, marehemu huondoka akiwa ameridhika. Akikosea, watu wanakuwa wamemuaga mtu mwingine.

Eulalie alikubali, kwa sababu hilo halikataliwi. Lakini usingizi ulimpaa. Alikuja kutueleza hapa studio. Alisema: "Nilikaa naye ua mmoja tangu niolewe. Nilimwogopa. Nilijua kununa kwake tu. Nikajiuliza, nikivaa nguo zake nikanuna mbele ya watu, watacheka, watasema ndiye huyu hasa, ataondoka. Ataondoka kama mwanamke aliyenuna. Niliona huruma."

Alikuwa na kumbukumbu moja iliyokuwa ikimsumbua. Siku ya kwanza alipoletwa pale kama bibi harusi, mbuzi alimnyang'anya mtandio akakimbia nao. Eulalie akacheka kwa sauti. Kisha akakumbuka yuko ukweni, akaziba mdomo, akageuka. Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni. Akasema: "Cheka. Hapa hakuna wa kukufunga mdomo." Akaingia ndani. Kwa ule uso, Eulalie alidhani amegombezwa. Hakucheka tena kwa muda mrefu.

Alasiri moja alikuwa kwenye kilabu, amesimama kati ya mitungi, mikono kiunoni, anafanya mazoezi peke yake. Mzee Toé akamwona kutoka kwenye kigogo chake, akaanza utani wake.

"We mtumwa wangu, umepatwa na nini? Marehemu amekurithisha uso?"

"Babu Toé, niache. Nafanya mazoezi."

"Mazoezi ya nini?"

"Ya kununa."

"Hebu tuone."

Eulalie akakunja uso, akasema kwa sauti nzito: "Kunywa. Lipa. Nenda."

Mzee Toé akatikisa kichwa. "Hiyo ni nusu ya Timpoko. Nusu hiyo hata mbwa wangu anaiweza."

"Mbwa wako si mmeshamla, ninyi Wasamo?"

"Tulimla, lakini aliiweza." Mzee akaweka kibuyu chini. Uso wake ukabadilika. "Mwanangu, nusu nyingine hukuikuta. Iko kwenye filamu. Itazame tena ile ya *Baba Mdogo wa Kukodi*."

Eulalie akadhani dolo imempanda kichwani.

Wasikilizaji wapendwa, nani hapa hajaiona *Baba Mdogo wa Kukodi*? Ilipigwa hapahapa Koudougou, miaka arobaini na kitu iliyopita. Kijana anataka kuoa, hana mzee wa kumposea. Anamkodi muuza nyama wa sokoni ajifanye baba yake mdogo. Anamvalisha kanzu pana ya kuazima, anampa kanga hai, yule ndege wa madoadoa, ampeleke ukweni. Muuza nyama anaona aibu kuingia kwa wazee ameshika ndege. Anamficha chini ya kanzu, anaketi. Salamu zinaanza. Na ninyi Wamosi kwa salamu mnajijua. Habari za nyumbani? Kanga anajibu chini ya kanzu. Habari za watoto? Kanga anajibu. Habari za mvua? Kanga anajibu kwa kirefu. Na muuza nyama amekaza uso, anaitikia kwa kichwa kana kwamba maneno ni yake.

Hapo ndipo kinapokuja kile kicheko. Hakitoki kwa yeyote tunayemwona. Kinatoka nyuma ya ukuta, kicheko cha mwanamke. Kinaanza chini, kinajizuia, kinashindwa. Kinapanda. Kinakatika kama aliyepaliwa, kimya kidogo, halafu kinaanza upya kwa nguvu kuliko mwanzo. Nani hapa hakukiiga akiwa shuleni?

Eulalie alikiiga sana. Aliiona filamu hiyo akiwa msichana mdogo, uwanjani kwa shule, kwenye shuka jeupe, jenereta likinguruma. Alikumbuka mchanga wa baridi chini ya miguu. Alikumbuka vipepeo wa usiku wakipita kwenye mwanga na kuwa wakubwa kama kunguru usoni mwa muuza nyama. Na alikumbuka mwanamume mmoja aliyesimama nyuma kabisa karibu na pikipiki yake. Kicheko kilipokwisha tu, yule mtu alivaa kofia nyekundu ya pikipiki akaondoka, filamu ikiwa katikati. Watoto wakamzomea: "Kaogopa kanga! Kaogopa kanga!" Na Eulalie alizomea pamoja nao.

Pascal aliitafuta filamu, akaileta kwenye kompyuta ya kazini kwake. Wakajifungia chumbani mchana wa joto, wakati mzee Nobila amelala nje kwenye kiti chake cha kamba. Wakafunga dirisha. Sauti wakaipunguza.

Filamu ilikuwa imechakaa. Rangi zote zilikuwa zimegeuka wekundu, watu wote kama wanatembea ndani ya dolo. Eulalie alisema hakucheka mara hii. Alikuwa anatazama vitu asivyovitazama utotoni. Ghala la mtama lenye paa lililoinama. Jiwe la kusagia. Ukuta wenye ufa uliopinda kama mkono. Ufa ule aliujua. Alikuwa anauona kila asubuhi akifagia.

"Pascal, hapa si kwetu?"

"Ndiyo, kwetu. Babu aliwaruhusu wapige filamu uani. Hukujua?"

"Na nyuma ya ukuta ule kuna nini?"

Pascal akaisogelea kompyuta. Nyuma ya ukuta ule ndiko mama yake alikopikia dolo tangu alipoolewa.

Salamu zikaanza. Kanga akajibu. Kicheko kikaja, kikapanda, kikakatika, kikaanza upya. Eulalie akasimamisha filamu. Wakakaa, mume na mke, kila mmoja anaogopa kumtazama mwenzake.

Ndipo wakasikia mtu anavuta pumzi nje ya dirisha. Eulalie akafungua. Mzee Nobila alikuwa ameegemea ukuta, macho yamefumbwa.

"Baba, tumekuamsha?"

"Sikulala. Irudishe kidogo."

Wakairudisha.

"Irudishe tena, mwanangu."

Wakairudisha mpaka mzee akatosheka. Na alipomsindikiza mzee chumbani kwake, ukutani nyuma ya mlango, kwenye msumari, Eulalie akaiona ile kofia nyekundu ya pikipiki, imepauka. Siku zote ilikuwa pale, naye akiipangusa vumbi.

Narudia, wasikilizaji wapendwa, msije mkapotea. Kicheko cha kwenye *Baba Mdogo wa Kukodi*, kile tulichokiiga nchi nzima, kilikuwa cha Timpoko Ilboudo. Cha Timpoko, mwanamke asiyecheka.

Mzee Nobila ndiye aliyeeleza. Timpoko alizaliwa Sabou, akaolewa Koudougou akiwa binti mbichi, mwenye kucheka hata na mitungi. Wapiga filamu walipokuja, mabibi harusi wa ua ule waliambiwa wakae nyuma ya ukuta, kimya. Timpoko akachungulia kwenye ule ufa. Akamwona muuza nyama na kanga wake. Mengine mnayajua. Wapiga filamu hawakuweza kurudia. Mkanda ulikuwa karibu kwisha, na kanga alikuwa amechoropoka, akakamatwa na Wamosi wenye njaa. Jioni hiyohiyo alikuwa mchuzini. Kanga huyo, kwa taarifa yenu, alikuwa wa Mzee Toé. Mpaka leo anamdai.

Kicheko kikabaki ndani ya filamu.

Filamu ikaja kuonyeshwa mjini. Baba mkwe wa Timpoko, mwenye ua, alialikwa kuketi mbele. Alivaa kanzu yake ya sikukuu. Kicheko kiliposikika, mtu mmoja akapaza sauti: "Huyo ni mke wa Nobila!" Watu wakapiga makofi. Mzee akainuka, akaenda zake. Katika ua ule ilikuwa mwiko mke wa mwana kucheka mpaka baba mkwe asikie. Na huyu sasa angesikika na nchi nzima.

Asubuhi wazee wakaketi. Timpoko akasimamishwa mbele yao. Wakasema amemvua nguo baba mkwe wake. Nobila alikuwa pale, ameketi kwenye mkeka. Jana yake, gizani, yeye ndiye aliyecheka kuliko wote kwa fahari. Asubuhi ile Timpoko alimtazama. Nobila akatazama chini.

Akarudishwa kwao Sabou. Mvua zikaja, zikaisha. Kisha wazee wakapoa, wakatuma kola za kuomba radhi, akarudi. Baba mkwe akamwambia karibu, ila kicheko chako kitulize. Timpoko akapiga magoti, akajibu kwa heshima zote: "Nimesikia, baba. Hamtakisikia tena."

Na hawakukisikia. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Baba mkwe alizeeka, akajuta, akafa, Timpoko hakucheka. Pascal alizaliwa, akatembea, akaanguka ndani ya chungu cha unga wa kimea akatoka mweupe kama mzimu, Timpoko hakucheka. Nobila alimwomba. Alimwomba kwa miaka. Timpoko alimjibu mara moja tu: "Siku ile ulikuwa na mdomo."

Kwa hiyo kila filamu hiyo ilipoonyeshwa, shuleni, sokoni, uwanjani kwa misheni, Nobila alipanda pikipiki yake akaenda kumsikiliza mkewe. Kisha alirudi nyumbani, akamkuta, akakaa naye. Hakuwahi kumwambia alikokwenda. Mkewe naye hakuwahi kuuliza.

Sasa Eulalie alikuwa na mzigo mwingine. Nusu ya pili ameipata. Aitoe au asiitoe?

Pascal alimwambia wazi: "Mke wangu, usicheke matangani. Mama aliapa. Ametunza neno lake mpaka kaburini, wewe ulivunje kwa siku moja? Na wazee watakuwepo. Shangazi atakuwepo."

"Alikifunga kwa sababu hakuna aliyemtetea."

"Kwa hiyo wewe ndiye utakayemtetea?"

"Sijui, Pascal. Najua tu kwamba aliniambia nicheke."

Hawakukubaliana. Na mpaka asubuhi ya matanga, Eulalie hakuwa ameamua. Hayo ni maneno yake mwenyewe.

Siku ilifika. Vumbi kama hili la leo. Ua ulijaa, ngoma zikalia, mitungi ikapangwa. Eulalie akatoka chumbani amevaa gauni la marehemu lenye maua ya bluu, kilemba chake, ndala zake zilizolika upande. Mkononi kata ya kuchotea dolo. Akatembea ule mwendo wa kuvuta mguu wa kushoto. Wanawake wakaguna. Mmoja akaanza kulia. Katika lile vumbi, wasikilizaji wapendwa, hata mimi niliyekuwepo nilimwona Timpoko.

"Mama Timpoko, umeamkaje?"

"Nimeamka. Kunywa."

"Mama Timpoko, nilikukosea mwaka ule, nisamehe."

"Nimesamehe. Lipa."

Watu wakacheka. Alikuwa anampatia kwelikweli. Shangazi, dada yake mkubwa Nobila, alikuwa ameketi kati ya wazee akitikisa kichwa kwa kuridhika. Ingeweza kuishia hapo, na kila mtu angesema matanga yalikuwa mazuri.

Lakini ninyi mnatujua Wasamo. Mzee Toé akainuka kutoka upande wetu wa watani. Amevaa kanzu pana, sijui aliiazima wapi. Akaenda taratibu, akaketi mbele ya kurita kama mgeni aliyekuja kuposa. Akaanza salamu.

"Timpoko, habari za huko ulikokwenda?" Na chini ya kanzu yake kanga akajibu. Kanga wa kweli, hai!

"Na baba mkwe wako, umemkuta hajambo?" Kanga akajibu.

"Na kanga wangu mliyemla, amekusalimu?" Kanga akajibu kwa kirefu.

Watu walikuwa wamejishika mbavu. Eulalie amesimama na kata mkononi. Alituambia kwamba hapo hakuamua kitu. Alisema aliona mzee mwenye miaka themanini akihangaika na ndege chini ya kanzu, macho yamemjaa machozi, akijaribu mara ya mwisho kumchekesha mtu aliyekwisha kufa. Kikamtoka.

Kikaanza chini. Kikajizuia. Kikashindwa, kikapanda, kikakatika.

Ngoma zikanyamaza. Wale wenye umri wakatambua kwanza. Uani ikabaki sauti ya kanga peke yake. Shangazi akanyanyuka kwenye mkeka, kidole juu: "Wewe! Katika ua huu..."

"Keti, dada."

Alikuwa mzee Nobila. Alikuwa amesimama. Hakuwa amesimama bila kushikilia kitu tangu msiba. Akawatazama wazee mmoja mmoja, kisha akamtazama yule mwanamke mwenye gauni la maua ya bluu.

"Mwacheni acheke," akasema. "Huyu ni mke wangu. Kicheko chake ni fahari ya nyumba yangu. Mwenye neno aniambie mimi."

Shangazi akaketi. Sasa wote wakamgeukia kurita, kwa sababu kurita lazima ajibu, na jibu lake ni jibu la marehemu. Eulalie alisema kichwa kilikuwa kitupu. Kisha mikono ikaenda kiunoni yenyewe.

"Umechelewa, Baba Pascal," akasema kwa ile sauti nzito. "Haya. Njoo unywe."

Akamchotea kata ya dolo. Mzee akaipokea kwa mikono miwili. Na kile kicheko kikaanza upya, kwa nguvu kuliko mwanzo, na safari hii mzee Nobila alikuwa anacheka pamoja nacho, machozi yakimdondokea ndani ya dolo. Wamosi wanasema mkewe aliondoka mchana huohuo, akiwa mzima, nusu zote mbili.

Wasikilizaji wapendwa, kwa niaba ya redio yenu nampa pole mzee Nobila Tapsoba. Pole Pascal, pole Eulalie, pole shangazi, na watu wote wa Sabou na Koudougou. Na wewe Mzee Toé, pole kwa kanga wako. Huyu wa pili nasikia naye ameliwa.

Kabla hujaongeza moto jikoni, tazama nyumbani kwako. Ni sauti gani haijasikika humo siku nyingi? Aliyeifunga ni nani? Na wewe siku hiyo ulikuwa umeketi wapi, unatazama nini? Kama mwenyewe yuko hai, huna haja ya kusubiri kurita. Mwite jina lake sasa hivi. Sema lile neno mbele za watu.

Familia imeturuhusu kuchukua kipande kidogo cha filamu. Mkisikia salamu, ni muuza nyama. Mkisikia kelele, ni kanga. Halafu sogezeni masikio, kwa sababu anayefuata ni Timpoko Ilboudo, bibi harusi wa Koudougou, anachungulia kwenye ufa wa ukuta, na hakuna mtu bado aliyemwambia anyamaze.

Mimi ndiye ninayenyamaza. Msikilizeni.